Mpunga wa Kumuaga Mzee Hermenegildi

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Baba Paroko, uliyetuazima ukumbi huu. Ndugu Dionisi, mkurugenzi wa kampuni yetu ya filamu. Mzee wetu Hermenegildi tunayekuaga leo, pamoja na mama aliyekuvumilia miaka yote hii. Wazee wangu mliotoka vijiji vya Mbingu na Kisawasawa. Waigizaji, wapiga picha, waandishi wenzangu. Na ninyi nyote mliokuja kwa kualikwa au kwa kufuata harufu ya pilau: shikamooni wanaostahili, na wengine habari za mchana. Tumsifu Yesu Kristu. Na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum.

Kwa wasionifahamu, naitwa Levina, mwenyekiti wa waandishi wa tamthilia hapa Ifakara. Nimeambiwa niseme kwa kifupi, na niseme mazuri tu. Hilo la ufupi nitajitahidi.

Naona watu wanalitazama gunia hili hapa mbele. Kampuni imempa Mzee runinga kubwa, bapa, ya kutundika ukutani, nayo imepigiwa makofi kama inavyostahili. Sisi waandishi tumeleta gunia la mpunga. Nimemsikia mtu pale nyuma akimwuliza mwenzake, mpunga wa nini kwa mtu wa Mbingu? Ni swali zuri, na nitalijibu mkinivumilia.

Mzee Hermenegildi alijiunga nasi enzi za vibanda umiza, wakati filamu zetu zikitoka kwenye sidii na watu wakibanana kwenye mabenchi kuzitazama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekaribia kustaafu, mpole, msafi, na mwenye tabia moja iliyotuudhi sote. Hakukubali kitu chochote kipigwe picha kabla hakijasomwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Mbingu. Mnaijua foleni ya mashine baada ya mavuno: mtu amekaa juu ya gunia lake tangu asubuhi, hana pa kwenda, na zamu yake bado. Mzee alikuwa anamwomba mwenye mashine azime injini kidogo, anasimama mlangoni, pumba zinamjaa kichwani, anasoma.

Na wale watu hawakuwa na huruma. Mkali wao alikuwa mama Noela, Mungu amrehemu. Nakumbuka siku tuliyopeleka sehemu ambayo mwanamke wetu anaachwa na mumewe, nasi tulikuwa tumemliza kurasa mbili mfululizo, tukijipongeza kwa machozi yale. Mama Noela alisikiliza mpaka tulipomaliza, kisha akauliza: huyu mwanamke hana jembe? Tulirudi Ifakara tukaifuta. Kati yetu ikawa ni desturi. Hata leo mwandishi wa hapa akikuonyesha kazi yake, kitu cha kwanza utamwuliza kama imepita mashineni.

Hivyo ndivyo tulivyoitunga Ng'ambo ya Daraja, ambayo wengi wenu mmeitazama. Ni habari ya Tadei, mfanyakazi wa kivuko aliyekosa kazi daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa, akaaga kwamba anakwenda kutafuta maisha. Na ya Natalia, mkewe, aliyebaki akimngoja. Tulijua tangu mwanzo itakavyokwisha. Tulikuwa tumekubaliana sote, na tulikuwa hatujamwambia mtu.

Kisha tukaingia mtandaoni. Sitaki mseme Levina anapinga maendeleo. Ndugu Dionisi alifungua chaneli, na ghafla kazi iliyokuwa ikiishia Mlimba ikawa inatazamwa Mwanza, Muscat, na sehemu ambazo mimi sitafika. Nani asiyependa kutazamwa? Lakini kila ukurasa tulioandika ukawa unakatwa vipande vya dakika moja moja, ili mtu amalize kabla bando halijaisha. Ndugu Dionisi akawa anaingia kazini na simu mkononi, anatusomea maoni ya watu: huyu anataka Tadei arudi na gari, yule anataka Natalia achapwe na wifi yake. Foleni ya mashine tuliizoea, maana pale mtu akikukosoa unamwona uso. Hawa wa kwenye simu walikuwa wengi mno, na hakuna aliyekuwa anangoja zamu.

Tukapewa maagizo mawili. La kwanza, marufuku kusoma mashineni, kwa sababu siku hizi kila aliyeko kwenye foleni ana simu na habari zitavuja. La pili, hadithi isiishe. Tukamwuliza Ndugu Dionisi, sasa itakwisha lini? Naye akatujibu kwa upole, kwa sababu si mtu mbaya, na hilo nalisema mbele yake:

"Itakwisha watu wakiacha kuangalia."

Ndipo tukagoma, na watu wengi walidhani tuligomea malipo. Malipo yalichelewa, ndiyo, lakini kwa malipo tungekuwa tumegoma tangu enzi za sidii. Tuligoma ili hadithi iruhusiwe kuisha, na ili watu wa mashineni, walioitunga pamoja nasi kwa midomo yao mikali, wausikie mwisho huo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni madai ya ajabu, najua. Afisa kazi alipotusikiliza alivua miwani, akauliza kama hatuna madai mengine.

Tukaweka kalamu chini mwaka jana, katikati ya mavuno. Tukawekeana masharti: hakuna kuandika, hakuna kuelekeza waigizaji, na hakuna kusimulia, hata kwa mke, hata kwa jirani. Hilo la mwisho nani alilipendekeza? Mzee Hermenegildi, kwa kinywa chake mwenyewe. Alisema mwandishi anayesimulia bado yuko kazini.

Mgomo ni kazi ngumu kuliko kuandika. Wenzetu wawili walikwenda kuendesha bodaboda. Waigizaji walitununia, na walikuwa na haki, maana nao walikaa bila kazi kwa ajili ya ugomvi usiokuwa wao. Lakini tulikuwa tunaelekea mahali. Chaneli iliishiwa vipande, watazamaji wakaanza kulalamika, na Ndugu Dionisi akawa ananipigia simu kunijulia hali ya watoto. Tulibakiza kidogo sana.

Ndipo asubuhi moja simu zetu zote zikaanza kulia. Kwenye chaneli ya kampuni kulikuwa na Mzee Hermenegildi, amesimama mlangoni mwa mashine, anasimulia mwisho wa Ng'ambo ya Daraja. Dada yetu Yunis, anayeuza vitumbua pale, alikuwa amemrekodi na kumtumia rafiki yake, rafiki akamtumia rafiki, mpaka video ikafika ofisini. Ofisi ikaikata, ikaiwekea muziki, ikairusha. Hakuna kitu tulichowahi kuandika kilichotazamwa kama kile. Ndugu Dionisi akatuambia, kwa upole wake ule ule, kwamba sasa ameelewa kumbe hata bila sisi mambo yanakwenda. Tukarudi kazini mmoja mmoja, tukiona aibu kutazamana. Hatukupata hata kimoja tulichokidai.

Tukamwita Mzee kikaoni. Tukamwuliza, kwa nini? Akasema, "Waliniuliza." Akachukua kofia yake akaenda kusubiri gari la Mbingu.

Ndugu zangu, tangu siku ile tulimfanya mtu huyu mgeni kati yetu. Aliingia akasalimia, akaitikiwa nusu nusu. Aliandika vipande vyake, akavikabidhi, akaondoka. Vijana walimpa jina ambalo sitalitaja mbele ya Baba Paroko. Na alipoandika barua ya kuomba kupumzika, tulisema afadhali, tukaanza kuchangia pilau.

Wiki iliyopita nilikwenda Mbingu kukoboa mpunga wangu. Nikiwa kwenye foleni, Yunis akanifuata akaniuliza kwa nini kampuni ilikata mwanzo. Mwanzo upi? Akafuta mikono, akatoa simu.

Kumbe mwanzo upo. Unaanza na mama Noela amekaa juu ya gunia, na begi la safari liko miguuni, kwa sababu siku ile alikuwa anapanda treni ya Tazara kwenda hospitali Dar es Salaam. Anamwomba Mzee amsimulie mwisho, naye anamwambia kwamba tumegoma, hairuhusiwi, avute subira. Mama Noela anamwomba tena, na Mzee anakataa tena, kwa adabu, kama tulivyokubaliana. Kisha anasema yule mama, na sauti yake mnaijua, haikuwa ya kubembeleza:

"Mwalimu, mimi sina hakika ya kurudi. Watoto sijawaambia, na wewe usiwaambie. Niambie tu, huyu bwana anarudi au harudi?"

Hapo injini inazimwa. Hakuna aliyemwomba mwenye mashine kuizima siku hiyo. Mzee anaanza kusimulia, na hapo alipoanza ndipo kampuni ilipokata. Anamweleza kwamba Tadei harudi. Kwamba Natalia siku moja anakiondoa barazani kiti alichokuwa amemwekea mumewe, anakiweka stoo, anachukua jembe lake anakwenda shamba. Na mwishoni, ambapo nako walikata, mama Noela anasema, "Afadhali. Niliogopa mtamrudisha."

Mama Noela alifia hospitali, tukamzika Mbingu mwezi wa nane. Wengi wetu tulikwenda. Mzee alibeba jeneza, nasi tulikuwa nyuma yake tumemnunia. Binti wa marehemu yuko hapa, na ni yeye aliyeniruhusu niyaseme haya leo, nakushukuru, mwanangu. Mzee aliombwa asiseme, akanyamaza. Na baada ya mazishi nadhani aliona hakuna tena anayetaka kumsikiliza.

Mzee Hermenegildi, sikusimama hapa kutubu. Kwa Baba Paroko kuna foleni yake. Hadi leo nasema ulivunja mgomo, na ulituumiza. Lakini najiuliza, tuligomea nini? Tuligoma ili watu wa mashineni wapewe mwisho wa hadithi yao. Akaja mmoja wao, na begi lake, akauomba, na kwa kanuni tulizojiwekea ilikuwa lazima tumnyime. Mimi ningemnyima. Najijua. Ningemwambia, mama, tumegoma, na ningerudi nyumbani nikala nikalala. Umetuzidi, Mzee, na inaniuma kuwa ulituzidi siku ile ile uliyotuangusha.

Ndugu Dionisi, na wewe neno moja. Mwisho ule uliurusha mwenyewe, na bado umeniagiza kwamba Jumatatu nianze kuandika Tadei anarudi, na gari, kama watazamaji wanavyotaka. Mimi nimechoka, ndugu yangu. Wenzangu nao wamechoka. Ukiwatazama hapo walipokaa utaona. Hatuna tena nguvu ya kugoma, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, hakuna anayegoma. Nasema tu, mbele ya Mheshimiwa Diwani, kwamba mimi simrudishi. Kuna mtu ametutangulia akijua kwamba Tadei harudi. Aliambiwa na huyu mzee, akaamini, akapanda treni. Siwezi kumfanya Mzee mwongo kwa marehemu, hata kwa watazamaji wa dunia nzima. Nitakuandikia hadithi nyingine, ndefu utakavyo. Na Jumamosi nitaipeleka Mbingu, nitaisoma mashineni, ivuje isivuje. Ukiamua kunifukuza, naomba usubiri kwanza watu wale waseme.

Sasa gunia.

Aliyeuliza pale nyuma ana haki: mtu wa Mbingu ana mpunga wake. Lakini mama yetu hapa, mke wa Mzee, ameninong'oneza jambo. Tangu mwaka jana Mzee hakanyagi mashineni. Ikifika siku ya kukoboa anamtuma mtu, na asipopatikana mtu, wananunua mchele dukani. Hermenegildi, mwenye shamba bondeni, ananunua mchele dukani, kwa sababu anaogopa kwamba wale waliomsikiliza nao wanamwona kama tulivyomwona sisi. Mzee, hawakuoni hivyo. Nimekaa nao foleni nzima. Wanauliza uko wapi.

Ndiyo maana hatukukuletea mchele. Tumekuletea mpunga, na tumeshazungumza na mwenye mashine: gunia hili hatalipokea kutoka kwa mtu yeyote ila wewe. Utakuja nalo mwenyewe Jumamosi, utakaa juu yake kama watu wengine, utangoja zamu yako. Mimi nitakuwa pale mlangoni. Injini ikizimwa nitaanza kusoma, na nikidanganya, useme. Pale alipokuwa anakaa mama Noela hapana mtu; kaa hapo.

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho.