Kuku wa Supu ya Mzazi

KANYIVA: Haloo? Haloo, mama—

JUMWA: Nani wewe? Simu inakoroma hii. Taja jina.

KANYIVA: Kanyiva, mkazamwanao. Shikamoo mama.

JUMWA: Marahaba. Kikoneni hamjambo?

KANYIVA: Hatujambo. Judy na mtoto wanaendeleaje huko Msambweni?

JUMWA: Alhamdu— aa, wazima. Mtoto ananyonya hana breki. Wifi yako anangojea kuku wake wa supu tu. Umeshawafunga? Mumeo Samuel si anawaleta kesho?

KANYIVA: Samuel yupo, mama, ila—

JUMWA: We! Nimeuliza kuku.

KANYIVA: Kuku wanaumwa, mama. Vifaranga wawili wamekufa. Na Baya amesimama hapa nje na pikipiki yake na tenga. Anasema ni kideri, niwauze wote sasa hivi kabla hawajafa, awapeleke Lunga Lunga.

JUMWA: Baya! Tangu lini Baya akawa daktari wa mifugo? Si ndiye aliyemwambia Chiku mbuzi wake ana maradhi mabaya, akamchukua kwa bei ya kutupa, jioni tukasikia harufu ya pilau kwake?

KANYIVA: Ndiyo maana nikamwambia nikupigie kwan—

JUMWA: Angalau hapo ulitumia kichwa. Toka nje uwatazame. Kinyesi rangi gani? Kijani?

KANYIVA: Ngoja... Hapana. Maji matupu.

JUMWA: Shingo zimepinda?

KANYIVA: Hazijapinda. Wanapepesuka tu, kama walevi.

JUMWA: Wanakoroma?

KANYIVA: Wala. Wanakunywa maji, mama. Hawabanduki kwenye ndoo ya nguo. Magole ya shingoni yamejaa, yananing'inia kama puto.

JUMWA: Na yule mweusi anayeatamia jikoni?

KANYIVA: Huyo mzima. Asubuhi kanidonoa kama kawaida yake.

JUMWA: Hebu sikia! Kideri gani hicho kinachomruka mweusi kikawaingia wenzake? Mwulize daktari Baya. Mweusi anakula nini?

KANYIVA: Mahindi, na maji ya mtungi. Hatoki.

JUMWA: Na hao wengine?

KANYIVA: Pumba yao.

JUMWA: Pumba na— [mkwaruzo] —nini?

KANYIVA: Unasemaje?

JUMWA: Pumba unakorogea nini?

KANYIVA: Maji ya papa. Yule mkavu uliyetuletea kutoka Kibuyuni, kwa Nassir. Ana chumvi ajabu, mpaka nimloweke usiku kucha ndipo alike.

JUMWA: Chovya kidole kwenye kijungu chao. Onja.

KANYIVA: Nionje chakula cha kuku?

JUMWA: Onja, hutataga.

KANYIVA: Yuuu! Mama, hii ni chumvi tupu!

JUMWA: Basi ndiyo kideri chao hicho. Lo! Mtu mzima, shule umemaliza, unawanywesha kuku chumvi? Huko kwenu Makueni kuku wananyweshwa bahari?

KANYIVA: Huko kwetu hatuna papa, mama.

JUMWA: Wala macho hamna? Kuku anapepesuka, wewe unamwongezea!

KANYIVA: Lakini mama, si—

JUMWA: Usinikate. Mwaga hiyo pumba mbali, osha kijungu. Wafungie kivulini, uwape maji safi kidogo kidogo. Ndoo usiwaachie, wakinywa kwa pupa watakufia mkononi. Samuel asiwalete kesho. Judy atakunywa uji kwanza.

KANYIVA: Na Baya?

JUMWA: Mpe hiyo pumba ale yeye.

KANYIVA: [kwa mbali] Baya, nenda tu, si kideri... Ndiyo, kwa simu... Haya, chukua umwambie mwenyewe! ... Ameondoka, mama. Hakutaka hata kuishika simu.

JUMWA: Atathubutu!

KANYIVA: Mama, na Judy akiuliza supu yake iko wapi?

JUMWA: Nitamwambia wifi yake wa bara amewatia kuku chumvi wangali hai.

KANYIVA: Mama. Siku unaondoka ulisimama mlangoni, mkoba umeushika, ukasema, "Kanyiva, nyumba hii maji ya samaki hayamwagwi. Yana nguvu. Koroga na pumba, wape kuku."

JUMWA: Nilisema ya dagaa.

KANYIVA: Ulisema samaki.

JUMWA: Wale dagaa wabichi wa— haloo?

KANYIVA: Na papa ulimwacha mezani wewe mwenyewe.

JUMWA: Haloo? Mtandao wa huku—

KANYIVA: Mimi nakusikia vizuri sana, mama.

JUMWA: Salio langu linaisha, mwanangu.

KANYIVA: Mama, nimepiga mimi.

JUMWA: Basi linaisha lako. Wape maji. Kidogo kidogo! Haya, kwaheri—