Chupa ya Bi Salhiya

Marehemu Bi Salhiya Khatib Kificho alizaliwa Jang'ombe tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa Bi Mize, aliyekuwa akiosha maiti wa kike wa mtaa mzima. Alipokuwa na miaka saba alimwona mama yake akifikicha majani ya mkunazi kwenye beseni la maji. "Mama, mbona yanatoa povu na wala si sabuni?" Bi Mize akamwambia akaulize skuli. Akaenda akauliza, na tangu siku hiyo hakuacha kuuliza.

Alisoma skuli za hapa Unguja, kisha akachukua shahada ya kemia Bara mwaka 1996. Mwaka 1999 aliolewa na Bwana Talib Shaame, wakahamia Kiembe Samaki.

Alifanya kazi katika maabara moja ya mjini. Kwa miaka tisa alihangaika na mafuta ya mchaichai, akaunganisha kile chenye harufu na kitu kinachoshikana na maji, hata akapata sabuni inayopasua bakteria wa vidonda. Agosti 2014 umeme wa maabara ulikatika, akaileta chupa pekee ya sabuni ile ya majaribio kwenye friji ya nyumbani. Siku hiyo palisomwa maulidi ya arusi. Mdogo wake, Mwanakheir, anayesoma wasifu huu, aliinusa ile chupa, akaipenda, akaoshea masinia. Ilipopungua akaijazia sabuni ya dukani na maji.

Wiki iliyofuata, chupa ile ilipojaribiwa mbele ya wataalamu, bakteria hawakufa. Wenzake wakasema matokeo ya mwanzo aliyapika. Mradi ukafungwa.

"Mwanakheir, hukuigusa chupa yangu?"

"Mie? Nnaijulia wapi!"

"Basi nimekosea mimi," alisema Salhiya, na akaamini hivyo miaka kumi.

Alipougua saratani ya ini, Mwanakheir alimuuguza miezi minne. Kila asubuhi aliamka na nia ya kusema, na kila asubuhi akaishia kuuliza kama uji umepoa. Aliona haya. Bi Salhiya alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Mwanakheir alikuwa miongoni mwa waliomuosha, na povu la mkunazi lilipomjaa viganjani alilia mpaka wenzake wakamnyang'anya kata ya maji.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Faiza na Mudrik, wajukuu watatu, na mdogo mmoja asiyejua auweke wapi uso wake. Nyinyi wa maabara mliokuja kwenye hitima hii, sabuni ile ilikuwa ya kweli. Mwenyezi Mungu amrehemu Salhiya na amsamehe makosa yake. Hili la chupa si lake.