Mwalimu Aliyekataa Kututenganisha

Kamati ya sherehe ilipouliza nani aandike habari za Mwalimu, watu wote walinigeukia mimi, fundi bomba, na hawakukosea. Mimi ndiye nguzo ya darasa la Kiingereza la jioni. Nisingekuwepo, chumba kile leo kingekuwa stoo ya mafagio.

Mwalimu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kufundisha watu wazima kituoni hapa kwa miaka ishirini na saba. Alianza na ubao uliopasuka na wanafunzi wanne, mmoja wao akiwa amekuja tu kumsubiri mkewe. Anatuachia chumba kilichojaa hadi mlangoni.

Na si watu wa aina moja. Yumo muuguzi anayesoma gazeti la Kiingereza bila kukunja uso, na yumo fundi mpaka rangi aliyekuja anajua salamu moja, tena ya asubuhi, akaitumia mpaka usiku. Kila mwaka wakubwa wa kituo walitaka kututenga: wepesi wa kushika huku, wazito kule. Kila mwaka Mwalimu aligoma. Alituketisha wawili wawili, mwepesi na mzito, na sheria yake ilikuwa moja: anayejua aweke kalamu chini, afiche mikono kwapani, asaidie kwa mdomo tu.

Muuguzi alitoka jasho kumweleza yule mpaka rangi jinsi Kiingereza kinavyosema mambo ya jana na ya kesho.

"Mwalimu, si nimwandikie tu nipumzike?"

"Ukimwandikia utakuwa umefanya zoezi wewe, na wewe leo sikukuuliza."

Darasa zima hoi kwa kicheko. Mwaka haukuisha, yule mpaka rangi akamsahihisha muuguzi mbele za watu, na muuguzi akanuna wiki nzima.

Mimi niliketishwa pamoja na mpwa wangu, mshona nguo, na kila mtu anajua nani alikuwa akimsaidia nani. Kiingereza kilinikolea hivi kwamba mhandisi mmoja mgeni alinisimamisha mtaroni, tukazungumza habari za mabomba mpaka jua likazama, akaniuliza nilisomea ng'ambo ipi. Mpwa wangu anadai mhandisi aliuliza choo kiko wapi. Watoto wa siku hizi hawana adabu kwa wajomba.

Sasa Mwalimu anaondoka, na wakubwa wamepata walichokitaka. Kuanzia Jumatatu vyumba ni viwili: cha kwanza cha wepesi, cha pili cha wazito. Juzi nilikwenda kuziba bomba la koridoni nikakuta meza zimeshatenganishwa. Nikabaki nimeduwaa, maji yananilowesha viatu. Yalinijia makelele yetu yale, watu wakielezana huku wamejikunyata kama kuku wa masika, na Mwalimu akizunguka taratibu, chaki nyuma ya sikio, akisikiliza. Sijawahi kuketi mahali pengine ambapo asiyejua anasogea karibu hivyo na anayejua, na hachekwi kupita kiasi.

Mwalimu, ahsante kwa ukaidi wako. Pumzika vyema, ulale mpaka uchoke kulala, na nyumbani kwako wasikosekane watu wa kubishana nao mezani.

Ukipata nafasi Jumatatu jioni, pita utusalimie. Mpwa wangu utamkuta chumba cha kwanza. Mimi, kusema kweli, nimepangwa cha pili.