Mama Yenu Alitoka Kuchuma Majani

Sogea, Pate, mwanangu, na wewe Kumbo keti hapa miguuni, mnisikilize sasa maana sauti bado ninayo kidogo na ya kesho sina uhakika nayo. Ng'ombe niliotaka kuwarithisha mnajua walikokwenda. Wenye bunduki walipoufunga mji wetu waliwaswaga wote, na barabarani wakafukia mabomu. Ninachowaachia ni ua huu, kisima, na habari ya mama yenu, ambayo hamjaisikia yote.

Takko alitoka na wanawake wenzake kuchuma majani ya porini, kwa sababu helikopta ya msaada ilikuwa haijatua tangu mvua zianze, na mtoto wako, Kumbo, alikuwa analia bila machozi. Wenzake walirudi wakikimbia, wakasema amepigwa risasi ng'ambo ya handaki linalouzunguka mji, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Basi nikavua kilemba changu, nikakifunga kwenye fimbo, nikatoka mchana kweupe. Aliyenisimamisha kule alikuwa Sambo, mtoto wa jirani yetu Dikko, yule mjane, aliyejiunga na wenye bunduki.

"Mzee Yero, rudi! Si tuliwaambia msitoke?"

"Tungekula nini, mwanangu?"

"Waulize hao wanaowashushia magunia."

"Basi nipe mke wangu nikamzike. Huyu amekubeba mgongoni, Sambo."

Akatazama chini, nami nikadhani moyo umemlainika. "Mzee," akasema, "ukisogea tena nitaambiwa nikupige mimi."

Nikarudi. Kwenye kizuizi askari wetu wakanikamata, wakaniuliza nimewapelekea magaidi habari gani, wakanitwanga mbavuni kwa kitako cha bunduki. Ndiyo haya maumivu niliyowaambia ni ya uzee. Mama yenu hana kaburi, wanangu. Mvua ndiyo iliyomwosha.

Wale wageni wa msaada si watu wabaya. Walipopata ruhusa walileta mtama, na daktari wao akanishika mbavu, akasema natakiwa kupasuliwa, akaniombea nafasi kwenye helikopta. Kibali hakikutoka. Kila siku aliniambia, "Vumilia, mzee," mpaka naye akaondolewa. Sasa sitaki mtu anidanganye kwamba njia itafunguliwa.

Pate, najua unawaza nini unapoutazama ukuta wa Dikko. Acha. Yeye hakumtuma mwanawe, na mtaa mzima umemnyima hata maji. Kisima ni chako sasa. Mchotee, na wakikutukana kwa hilo, nyamaza. Kumbo, blanketi langu mkatie mtoto. Msinipeleke makaburini, kule ni ng'ambo ya handaki, nisije nikawapotezea mwingine; nichimbieni hapa hapa uani, leo hii, bila kilio. Halafu... ngoja nivute pumzi... halafu mkeka wangu uacheni umetandikwa. Wagawa chakula wakija wakauliza mzee yuko wapi, semeni amelala. Chukueni fungu langu, apewe mtoto. Kwa uongo huo nitamjibu Mungu mimi mwenyewe, ninyi hamna dhambi.

Nipe mkono, Pate. Na wewe. Mungu awafunike... awape mvua na maziwa, awape na watu wa kuwa... wa kuwazika.

Usilie, Kumbo. Majirani watasikia.