Mwalimu Ghati, Aliyempa Jina Mdudu wa Mto wa Kitahana

Marehemu Mwalimu Ghati Nyamhanga alizaliwa tarehe 3 Mei 1959 huko Tarime, mkoani Mara, mtoto wa nne wa Mzee Nyamhanga. Wazazi wake walisimulia kwamba alichelewa kutembea, kwani kila alipokalishwa chini alikuta kitu cha kuchunguza.

Alisoma Mara, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu biolojia na ualimu mwaka 1984. Serikali ikampangia Kasulu, na mwaka 1990 akahamishiwa hapa Kitahana, wilayani Kibondo. Wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka kwamba kipindi chake kilianzia darasani na kuishia mtoni.

Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa na kaka yetu Pasikali Ntirampeba, bwana shamba. Sisi wifi zake tulisubiri mama wa nyumbani, tukaletewa mtu wa kupindua mawe mtoni.

Chini ya mawe hayo alimwona mdudu wake. Buu huishi majini ndani ya kijumba anachojijengea kwa mchanga na vijiti, na akikomaa hutoka na mabawa kama nondo mdogo. Mwalimu alihisi kuwa aina hii haijaandikwa popote. Ili aitambulishe, alihitaji dume aliyekomaa, maana aina za wadudu hawa hutofautishwa kwa maumbile ya dume. Novemba 1994 akatega taa juu ya beseni la maji uani. Asubuhi mama mkwe wake, mama yetu Immakulata, akalikuta limejaa. Hapa kwetu taa na beseni ni mtego wa kumbikumbi, basi akafurahi kwamba mkamwana wa Tarime ameshakuwa Muha kama sisi. Akawachambua kumbikumbi, akawakaanga, wadudu wengine akawamwagia kuku.

“Kula, mwanangu, umevuna vizuri,” alimwambia.

Alikula, maana hakulelewa kukataa sahani ya mkwe. Baadaye alituambia kuwa walikuwa watamu, ila nusura alie.

Tangu hapo walichambua beseni pamoja. “Hawa wako, hawa wangu,” Mama alikuwa akisema. Desemba 1996 dume akapatikana.

Mwaka 1997 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Dar es Salaam. Akiwa kitandani alimchora mdudu wake na kuandika maelezo yake, akisaidiwa na mwalimu wake wa zamani, Dakta Nicodemus. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kutangulia kabla maelezo hayajachapishwa, kwa sababu yasipochapishwa, mdudu hana jina. Tulikuwa na hofu hiyo pamoja naye. Oktoba 1998 Dakta Nicodemus alisafiri mwenyewe hadi Kitahana kuleta jarida lililochapisha maelezo hayo. Mwalimu akatusomea jina alilochagua: Immakulata.

Mama akafikiri kidogo. “Kwa hiyo dume ndiye anaitwa Immakulata?”

“Ndiyo, Mama. Na jike akipatikana, ataitwa hivyohivyo.”

Siku hiyo nyumba nzima ilicheka, mgonjwa kuliko wote.

Alifariki nyumbani tarehe 11 Januari 1999, akiwa ameshikwa mkono na mama mkwe wake.

Ameacha mume, watoto wawili, Nsabimana na Aline, mama mkwe, wifi watatu, na mdudu mmoja dume. Jike bado hajulikani. Mama amekwishatuagiza atafutwe mvua hizi hizi, maana hataki jina lake likae bila mwenzi.

Wifi yetu apumzike kwa amani. Sisi tutashuka mtoni.