Mama Chaki Anaondoka, Faili Halijasainiwa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha kelele anastaafu. Ofisi ya utawala imeniomba niandike maneno mazuri, yasizidi ukurasa mmoja, na nisiliguse suala la faili. Maneno mazuri yapo tele. Faili nalo nitaligusa, na mwenye kununa anune.

Sisi tunamwita Mama Chaki. Aliajiriwa akiwa binti mbichi, akapewa meza karibu na choo na kazi ambayo wenzake waliikimbia: kuipunguzia kelele injini ya ndege ya abiria inayoruka kwa kasi kuliko sauti. Injini ya namna hiyo ni nyembamba, na hewa ya moto hutoka nyuma kwa kishindo cha kutikisa vikombe kabatini mtaa wa pili. Wakubwa walitaka mwendo tu. Kelele, walisema, watu watazoea. Neno hilo lilimkera siku ile na linamkera mpaka leo.

Siku yake ya kwanza hakwenda karakana. Alikwenda shule ya msingi inayopakana na uwanja wetu wa majaribio, akaketi dawati la nyuma na daftari lake. Kila ndege ilipopita, mwalimu wa hesabu alikatiza sentensi, akabaki ameinua chaki, akingoja. Mama Chaki alihesabu mara arobaini na moja kwa siku, na hizo zilikuwa ndege za kawaida. Tangu hapo hakuna mhandisi mpya anayeshika mchoro kitengoni kwetu kabla ya kukaa wiki nzima kwenye dawati lile. Mimi nilikaa. Magoti yaligonga dawati, watoto wakanicheka, nikashika adabu. Vikaoni, wengine wakitaja desibeli, yeye huinua kipande cha chaki na kuuliza mwalimu atasimama mara ngapi. Wapo wakurugenzi ambao swali hilo huwatoa jasho.

Kazi yake kubwa ni ule mdomo wa nyuma wa injini wenye ukingo wa menomeno, unaochanganya hewa ya moto na ya baridi taratibu ili zisigombane. Modeli ya kwanza aliikata kwa mkasi kwenye kopo la maziwa ya unga, akaipulizia kwa mashine ya kukaushia nywele ya bintiye. Binti alikwenda kwenye mahafali yake na nywele zinachuruzika, na hajamsamehe vizuri. Mume wake naye anasema blenda ya nyumbani kwao imevishwa blanketi. Kutoka kopo lile hadi injini kamili ilipita miaka kumi na tisa. Mradi ulifutwa mara tatu, na mara zote tatu aliufufua kwa ubishi.

Sasa faili. Mwezi wa tatu tulipima injini mpya, ile ambayo wakubwa waliipunguzia meno ili ipate msukumo zaidi. Namba zilitoka nzuri ajabu. Keki ikakatwa, picha zikapigwa. Mama Chaki aliitazama picha moja ya uwanjani kwa muda mrefu, kisha akauliza nani alipanga maikrofoni uwanjani. Ni mimi. Nilizipanga mbiombio bila kumngoja mkata nyasi, na nyasi zilikuwa zimefika magotini. Nyasi ndefu hunywa sauti. Hata mwanafunzi wa mafunzo kazini kwetu analijua hilo, nami nililisahau kwa kukimbilia sifa. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, injini haijanyamaza. Wanaokaa mtaani hawana nyasi masikioni."

Aliomba tupime upya. Akaambiwa namba zimeshatangazwa, asaini. Hakusaini. Kwa miezi saba faili la vipimo hivyo limekaa mezani kwake, na kwa miezi saba amesimangwa: mkaidi, amezeeka, anakwamisha mradi. Aliomba aongezewe miezi miwili amalizie kipimo; jibu la hapana lilikuja siku hiyohiyo, pamoja na mwaliko wa sherehe hii. Zawadi waliyomnunulia ni saa ya ukutani inayogonga kila baada ya saa moja. Mwanamke aliyeivisha blenda blanketi! Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Wanachokingoja ni Jumatatu. Kuanzia Jumatatu mkuu wa kitengo ni mimi, na saini inayotakiwa ni yangu. Nimeshapigwapigwa begani koridoni na kuambiwa kwa upole kwamba aliyekosea ndiye mwenye haja zaidi ya kosa kusahaulika.

Basi na isomwe hapa, kwenye programu ya sherehe yenyewe. Kosa ni langu. Nyasi zilikatwa jana, nikisimamia mwenyewe. Jumatatu tunapima upya, na namba itakayotoka, iwe tamu iwe chungu, ndiyo nitakayoiwekea saini. Ile ya nyasi sisaini, hata nami nikiagwa kwa saa ya ukutani.

Mama, ahsante kwa dawati lile, na kwa kutonifokea siku niliyostahili. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wasiopiga kelele sana. Saa yao ikikusumbua, itoe betri. Na Jumatatu saa nne, ukipata nafasi, pita pale shuleni ukae nyuma. Sisi tutawasha injini, wewe mtazame mwalimu.