Mzee Ousseni Boina na Tanuri la Chokaa la Badjanani

Ijumaa ya tarehe 4 Machi 1927, saa saba mchana, watu wakitoka kusali, katika kichochoro kilicho chini ya ngome ya Mutsamudu, kisiwani Nzwani, alizaliwa Ousseni Boina, mtoto wa tatu wa mpagazi wa bandarini, ambaye leo, siku ya tatu tangu azikwe, tumekusanyika kumsomea hitima.

Alisoma chuoni mpaka akahitimu Kurani mwaka 1939, akakaa miaka miwili katika shule ya Wafaransa, kisha Agosti 1943 akavuka bahari kuja huku Moroni, akajifunza kazi katika tanuri la chokaa lililo ufukweni, kaskazini ya mtaa wetu wa Badjanani, ambako matumbawe hupangwa juu ya magogo ya minazi na kuchomwa mchana na usiku hadi yawe unga mweupe wa kujengea na kupaka nyumba. Tarehe 12 Oktoba 1951 alimwoa Bi Batoul, akahamia nyumbani kwao kama ilivyo ada ya hapa, wakajaliwa Nafissa, aliyezaliwa mwaka 1953, na Mouzdalifa, aliyezaliwa mwaka 1956.

Tanuri likiwaka, mtaa mzima ulijua kwamba kuna baba anayemjengea binti yake nyumba ya ndoa kubwa, ile harusi ya karamu inayompa mtu heshima mjini, na kuufungia dirisha moshi huo kulihesabiwa kuwa ni kumwonea bibi harusi kijicho, kwa hiyo madirisha yaliachwa wazi, watu wakakohoa huku wanacheka, na jirani yetu Bi Echat, machozi yakimtiririka, alikuwa akiwaambia watoto, “Kohoeni, wanangu, pilau inakuja!” Mouzdalifa alifariki kwa maradhi ya kifua tarehe 9 Februari 1959, tanuri likiwaka kwa ajili ya harusi ya mtaa wa pili, na dirisha la chumba chake lilikuwa wazi kama madirisha ya wengine wote.

Marehemu mwenyewe alianza kukohoa mwaka 1968, akasema ni vumbi tu. Baada ya uhuru wa Komoro wa Julai 1975, serikali ya Ali Soilih ilipopiga marufuku ndoa kubwa, hakuna aliyeagiza chokaa tena, tanuri likapoa, naye akalima mihogo huko juu na kurudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi, lakini alipanda ngazi za msikiti bila kusimama njiani, jambo ambalo Nafissa hakuwa ameliona tangu utoto wake. Bwana Djaanfar, muuguzi wa zahanati, alimtania, “Mzee Ousseni, umeninyima kazi, watoto wa vifua siwaoni tena,” kisha akaacha utani, akamweleza moshi ule ulikuwa umewafanya nini watoto wa mtaa huu, na marehemu akarudi nyumbani, akakaa chumbani kwa Mouzdalifa hadi magharibi.

Serikali hiyo ilipoanguka tarehe 13 Mei mwaka huu wa 1978, ndoa kubwa zilirudi kwa pupa, na mjomba Mdahoma, kaka yake Bi Batoul, akaja kusema kwamba msichana wa nyumba yao, Nafissa, hataolewa ndani ya mawe matupu. Nafissa alimsihi baba yake, akamwambia kwamba nyumba bila chokaa inamtosha, kwamba daktari amekwisha kumkataza moto, naye akamjibu kwa upole, “Mwanangu, baba asiyemjengea binti yake, hata kaburi lake huwa la kuazima.” Jumatatu tarehe 5 Juni aliwasha tanuri, akalala kando yake mpaka matumbawe yakaiva, akapanga shehena ya pili kwa mikono yake, na jioni alipoimaliza akaanguka.

Alilazwa hospitali, akawa anavuta pumzi akiwa ameketi kwa sababu kulala hakuwezi, na Alhamisi tarehe 22 Juni, saa kumi alfajiri, Nafissa akiwa amemshika mgongo, aliaga dunia, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliokesha naye, Bwana Djaanfar aliyesema kweli wakati haikupendwa, majirani walioleta maji na mikeka, na wachoma chokaa wenzake waliobeba jeneza, wengine wakipumzika kila kona kwa kukosa pumzi.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, mjomba Mdahoma alipowatuma vijana wakawashe shehena ile ya pili ili nyumba ikamilike, walimkuta Nafissa juu ya tanuri, akiwa na leso yake ya msiba, anashusha matumbawe moja moja na kuyatupa mchangani. Mjomba akaja kumfokea kwamba anavunja kazi ya mwisho ya marehemu, naye akaendelea mpaka magogo yakaonekana, kisha akayamwagia maji ya bahari, ndoo baada ya ndoo, mpaka yakalowa.

Kwa maneno ya Nafissa: pumua sasa, Baba, upumzike.